Chanjo Iliyotangazwa Kama Msiba

Asubuhi ile niliamka na furaha ya kitoto, ile inayomfanya mtu mzima avae sare ya unesi huku anaimba na asahau chai mezani. Nilikuwa nimepata kipaza sauti. Kwa asiyefanya kazi ya chanjo hilo si jambo la kupigia kelele, lakini mimi nilikuwa nimemaliza mwaka mzima nikipita nyumba kwa nyumba hadi koo linakauka, na kwangu kipaza sauti kilizidi hata kupandishwa cheo. Nilitoka nyumbani Mabwerebwere nikamsalimia kila mtu niliyekutana naye, na jirani yangu muuza vitumbua nikamsalimia mara mbili.

Inabidi nieleze nilifikaje kwenye hali ya kushangilia kipaza sauti.

Unesi niliuanzia Mikumi, na miaka hiyo tulikuwa na gari. Lilikuwa jeupe, limebandikwa ubavuni picha ya mtoto aliyepanua mdomo akidondoshewa matone, na watu wa kuanzia Mikumi hadi Magole waliliita gari la matone. Lilikuwa gari la mradi wa kutokomeza polio. Lakini polio ilikuwa jina tu la mlangoni. Ndani yake tulipakia chanjo ya surua na ya pepopunda, tulipakia makohozi ya wagonjwa wa kifua kikuu yanayokwenda kupimwa, tulipakia vyandarua, tulipakia wajawazito walioshikwa na uchungu shambani, na safari moja tulipakia mbuzi wa dereva, ambaye alitafuna kona ya bango letu la kunawa mikono. Ukitokea ugonjwa wa ajabu kijijini, gari la matone ndilo lililotangulia kufika, hata kama ugonjwa wenyewe haukuwa na udugu wowote na polio.

Na lilikuwa na kipaza sauti. Likiingia kijijini linapiga muziki, watoto walitoka mbio wakiwa wamenyoosha kidole kimoja juu, tayari kupakwa wino wa kuonyesha kwamba wameshapata matone. Wengine walikuwa wameshapata, wanarudi foleni kwa ajili ya wino tu. Nilikuwa nikiwafukuza huku nacheka. Sijawahi kuipenda kazi kama nilivyoipenda miaka ile.

Kisha polio ikawa habari ya zamani kwetu, na mradi ukafungasha. Tulifanyiwa sherehe mjini Kilosa. Tulipewa fulana na keki, zikasomwa hotuba za kutupongeza, nami nikapiga makofi hadi viganja vikawasha. Haikunijia kichwani kwamba nilikuwa nashangilia kuondoka kwa gari langu mwenyewe. Baadaye dereva alikabidhi ufunguo. Wale vijana wa kujitolea waliokuwa wakituletea habari ya kila homa vijijini wakarudi kulima, kwa sababu posho yao ilikuwa ya polio. Kipaza sauti kikaondoka kimefungwa juu ya gari. Ugonjwa uliondoka na kila kitu kilichokuwa kimekuja kwa jina lake, na mpaka leo nikilisema hilo napandwa na hasira.

Mimi nilihamishiwa zahanati moja upande wa Kilangali, karibu na mashamba ya mbegu. Zahanati ina friji ya sola, ina sindano, ina chanjo. Usidhani tuliachwa watupu. Tulichokosa ni njia ya kuwafikia watu. Ng'ambo ya mto kuna kijiji cha wakulima wa mpunga, na nyuma yake maboma ya wafugaji, na huko hakuna zahanati. Kila mwezi nabeba chanjo kwenye kisanduku chenye barafu, navuka, nachanja kwenye godauni la zamani la ushirika, narudi. Hiyo ndiyo tunaita huduma ya mkoba. Enzi za gari, muziki ukilia tu mama anambeba mtoto mgongoni na kuja. Gari lilipoondoka hakuna aliyejua siku yangu ni ipi. Mvua zikija mto unajaa, mwezi unapita sijavuka, na mwezi unaofuata watu wameshanisahau. Mwaka jana surua ikaingia kijiji kile na kujitandaza kama iko kwao.

Baada ya hapo, badala ya kuongezewa, nikaletewa habari ya kupunguzwa. Mratibu wa chanjo wa wilaya alikuja zahanati. Ni bosi wangu, lakini namjua tangu alipokuwa mwanafunzi wa mazoezi, anashika sindano kama ameshika nge.

"Shikamoo mama," alisema.

"Marahaba. Kaa useme, maana uso wako umeshasema."

Akakaa. "Mama, kile kituo cha ng'ambo hakinipi watoto. Mwezi uliopita umechanja wachache mno, na dozi zilizobaki zikamwagwa. Mafuta yenyewe unajua hali yake."

"Watoto wapo. Hawajui siku."

"Zamani walijuaje?"

"Zamani kulikuwa na gari, na wewe ulikuwa unapigana na wenzako ukae kiti cha mbele."

Alicheka, kisha akaacha kucheka. Alisema si yeye, ni bajeti. Alisema siku ya mkoba inayofuata atakuja mwenyewe ng'ambo. Akikuta foleni, kituo kinabaki. Akikuta godauni tupu, kijiji kinatolewa kwenye ratiba, na kina mama itabidi wavuke mto waje zahanati. Sote wawili tulijua maana yake. Hakuna mama atakayevuka maji ya kiunoni na mtoto mgongoni ili akamchomeshe sindano mtoto ambaye anacheka na kucheza.

Na kuna jambo jingine ambalo watu wa nje hawalijui. Chanjo ya surua huja ikiwa unga ndani ya kichupa, na kichupa kimoja ni cha watoto kadhaa. Ukishauchanganya na maji yake, haufiki jioni. Akija mtoto mmoja unafungua kichupa unamchoma yeye, na dozi zinazobaki unamwaga. Unamwaga dawa nzuri, kwa mkono wako, na mtoto aliyeihitaji yuko mita chache tu, mgongoni kwa dada yake anayefukuza ndege kwenye mpunga. Mimi hilo linaniuma kuliko mshahara kuchelewa.

Basi nikafikiri sana, na nilipopata jibu nilirukaruka jikoni peke yangu. Ng'ambo kule kuna mzee mmoja mwenye bajaji iliyofungwa spika mbili juu. Kazi yake ni kutangaza misiba, na hana kazi nyingine. Ukizikwa bila yeye kukutangaza, watu wanadhani umesafiri. Ana sauti nzito, ya taratibu, inayoshuka kila mwisho wa sentensi. Nilimfuata kwake.

"Baba, shikamoo. Nataka unitangazie."

"Marahaba mwanangu. Pole sana. Nani amefariki?"

"Hajafariki mtu, baba. Nataka utangaze ili asifariki mtu."

Alinitazama akijaribu kuelewa hiyo biashara ni ya namna gani. Nilimweleza habari ya gari, ya bosi, ya godauni. Alikubali kabla sijamaliza, na malipo akayakataa. Alisema siku akiugua nimchome sindano kwa huruma. Tulitunga tangazo pamoja, akalirudia mpaka likamkaa, na mimi nikarudi nyumbani najiona nimeshaishika wilaya nzima mkononi.

Ndiyo furaha niliyoamka nayo.

Nilipanda bodaboda na kisanduku changu mapajani, nikachukua chanjo zahanati, nikavuka mto maji yakiwa ya magotini, nikafungua godauni. Nilifagia. Nilipanga meza, nikaweka kisanduku kivulini, nikatandika kitambaa safi kana kwamba nangojea mahari. Nilikuwa nimechukua vichupa vingi kuliko mwezi wowote, kwa imani tupu. Kisha kwa mbali, upande wa mashamba, nikaisikia bajaji. Upepo uliniletea vipande vipande: kina mama wote, godauni, bila kukosa. Spika zilikuwa zinatikisa majani. Nilicheza pale pale juu ya sakafu niliyoifagia.

Hawakukawia. Niliwaona wakitokea kwenye kijia kati ya majaruba ya mpunga, mmoja, watano, kisha kundi, kisha nikaacha kuhesabu. Sijaona kina mama wengi hivyo tangu enzi za gari la matone. Nilichukua kichupa cha kwanza mkononi, nikataka kukifungua kabisa ili wakifika tuanze.

Sijui nini kilinizuia. Nadhani ni ukimya wao. Kina mama wanaopeleka watoto kliniki hupiga soga njia nzima, na hawa walikuwa hawasemi. Walitembea taratibu. Khanga walikuwa wamejifunika vichwani. Nikaona kuni. Nikaona vifuko vya unga, nikaona mikeka, na wa mbele kabisa alikuwa amejitwika sufuria kubwa la kupikia ugali wa watu wengi. Nilitazama mgongo mmoja baada ya mwingine. Hapakuwa na mtoto hata mmoja.

Walipofika mlangoni wakaangua kilio.

"Jamani, mnalia nini?" niliuliza, na kichupa bado kiko mkononi.

"Nesi, na wewe umeshafika? Pole sana," mmoja alisema na kunikumbatia. "Ni nani lakini? Alikuwa anaumwa?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Watu hawa kwa miaka yote wameisikia sauti ile kwa jambo moja tu. Bajaji ikipita, hawangojei sentensi ya pili. Mama anasikia sauti, anasikia mahali, anaacha jembe na kukusanya kuni na unga, mtoto anaachwa kwa bibi, kwa sababu msibani watoto hawapelekwi. Tangazo langu zuri lilikuwa limewafanya waache nyumbani kitu kimoja tu nilichokitaka.

"Hakuna msiba," nilisema. "Ni chanjo. Tangazo lilikuwa la chanjo ya watoto."

Kilio kilikatika. Walitazamana.

"Yaani," alisema dada mmoja, akiutua mzigo wake wa kuni kwa kishindo, "nimewaachia ndege mpunga wangu nije kuililia chanjo?"

Sikujua nitarushiwa kuni au vipi. Lakini yule aliyekuwa amelia kwa nguvu kuliko wote aliziba mdomo kwa khanga, mabega yakaanza kumtikisika, na nilipotazama vizuri alikuwa anacheka. Kicheko kikawapitia wote. Wengine walikaa chini kabisa. Bajaji nayo ikaingia, mzee akazima injini, akashuka kwa heshima zake zote.

"Baba, umetangaza nini?" nilimuuliza.

"Ulichoniambia. Neno kwa neno." Akalirudia tangazo pale pale, kuhusu surua na kinga na afya ya watoto wetu, na kweli hakukosea hata neno. Lakini kwa sauti ile, mimi mwenyewe nilijikuta nataka kukaa mkekani. "Nesi," aliongeza, "sauti ndiyo hii niliyonayo."

Hapo simu yangu ikalia. Bosi. Alikuwa ameshafika mtoni, anatafuta pa kuegesha pikipiki, na nilikuwa na godauni lililojaa kuni, unga na mikeka, bila mtoto.

Nilihisi machozi yananilenga, na yalikuwa ya hasira, maana nikiwa na hasira ndivyo ninavyolia. Niliona kituo kinafungwa mbele yangu kwa kosa la kuchekesha. Lakini yule mama wa sufuria alikuwa hajacheka sana. Yeye ndiye mkuu wa kikundi cha kina mama cha kuzikana, na nilimjua: mwaka jana nilikaa naye mkekani alipozika mtoto wake. Alitua sufuria, akaniangalia, akaangalia kisanduku changu.

"Hii ni ya surua?" aliuliza.

"Ni ya surua."

"Inakaa mpaka saa ngapi?"

"Nikiifungua, haifiki jioni. Na mkubwa wangu yuko mtoni. Akikuta hakuna watoto hatuji tena huku."

Hakuniuliza jambo jingine. Aligeuka akaanza kuwapanga wenzake kama anavyowapanga siku ya mazishi, nani achote maji, nani apike, isipokuwa leo ilikuwa nani amfuate nani. Wewe nenda mashambani, wale wanaofukuza ndege waje wote. Wewe pita kwa mabibi. Wewe kimbia kwa wafugaji, uwaambie kwa heshima, usiwapigie kelele. Watu walitawanyika mbio, khanga zinapepea. Kisha akapanda bajaji ya misiba, akamsogeza mzee kando, akachukua kipaza sauti mwenyewe.

"Hakuna aliyekufa," nilisikia sauti yake ikipita juu ya mpunga, kali na ya haraka. "Leteni watoto. Hakuna aliyekufa, leteni watoto."

Nimefanya kazi hii muda mrefu na sijawahi kusikia tangazo la afya zuri kama lile. Nilisimama mlangoni nikiwa na furaha na wasiwasi pamoja. Kwanza hakikutokea kitu. Kisha kikatokea kikundi cha watoto kutoka kwenye mpunga, bado wameshika manati, wamebeba wadogo zao mgongoni. Kisha mabibi. Kisha kina mama wa kifugaji wakija kwa hatua ndefu, watoto wamefungwa shuka. Bajaji yenyewe ilirudi imejaa hadi pembeni, watoto wanachungulia kila upande na bibi mmoja amekaa na dereva, ameshika kona ya kiti na kulalamika kwamba hata siku yake ya kufa hataki kupandishwa kitu kile.

Nilifungua kichupa cha kwanza. Kikaisha. Nikafungua cha pili, nacho kikaisha. Mama wa kikundi alikaa kwenye benchi karibu nami, akawa anawashika watoto, wale wa kurusha mateke anawabana kwapani kwa upole na kuwaambia waangalie sufuria. Nje walikuwa wameshawasha moto, maana kuni zimekuja na unga umekuja, kwa nini virudi. Walipika ugali wa msiba usio na maiti, na mboga wakachuma pembeni.

Bosi alitokea suruali imekunjwa hadi magotini, viatu mkononi. Alisimama mbele ya foleni iliyozunguka godauni, akaona moshi, akaona wanawake wamejifunika khanga za kilioni huku wanacheka.

"Shikamoo mama," aliniambia taratibu. "Kuna msiba?"

"Marahaba. Ulikuwepo. Umeahirishwa. Nawa mikono ushike sindano."

Alinawa. Na nikiri kwamba siku hizi anaishika vizuri. Tulichanja bega kwa bega mpaka jua likawa kichwani, tukanywa maji, tukaendelea. Nilimwona anatabasamu peke yake. Kila mara alikuwa akitupa macho kwenye foleni kuona kama imepungua, na haikuwa imepungua. Nilijua kituo changu kimepona. Nilitaka kupiga vigelegele, nikajizuia kwa sababu nilikuwa na mtoto wa watu mkononi.

Mwisho wa yote kikabaki kichupa kimoja kilichofunguliwa, na ndani yake dozi moja. Mtoto wa mwisho alikuwa ameshaondoka akinyonya kidole. Bosi alikiinua kichupa kwenye mwanga. Alikuwa amechangamka, ameshakuwa mwenyeji, na alitaka kumshukuru mtu.

"Mama," alimwambia yule wa kikundi, "umewashikia wenzako watoto tangu asubuhi. Imebaki hii moja. Mlete na wa kwako basi, usiondoke mikono mitupu."

Bosi hakujua. Mzee wa bajaji, aliyekuwa anakula ugali karibu na mlango, alilirudisha tonge kwenye sahani.

Mama alijifuta mikono kwenye khanga yake, mmoja kisha mwingine. Hakulia.

"Wangu alitangazwa na bajaji hii hii," alisema. "Mwaka jana, kwa surua. Siku hizo mlikuwa hamji."

Bosi alibaki ameshika kichupa juu vile vile. Nje watoto waliokuwa wameshachanjwa walikuwa wanapigania makoko ya sufuria.

"Mwezi ujao nitakuja mwenyewe, mama," bosi alisema hatimaye.

"Uje mapema," alimjibu. "Watoto nitakuwa nimeshawaita."